Aliyecheka Chini ya Maji

Samaki yule alijitokeza kutoka kwenye buluu nzito, mpana kama mkeka wa sebuleni, akipiga mabawa yake taratibu kama asiyeharakishwa na yeyote. Alipita juu ya mzamiaji, tumbo lake jeupe likaliziba jua, kisha akazunguka na kurudi. Katika simu iliyoegemezwa kwenye cherehani, mapovu yalipanda kwa kishindo, na katikati ya mapovu ikasikika sauti ya mtu anayecheka.

"Ule anacheka njo we, mujomba?" aliuliza Elodie.

"Njo mi mwenyewe," alijibu Ezechiel, kifua kikimjaa.

Alikuwa ametoka Australia, nchi iliyompokea baada ya miaka mingi ya kusubiri katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Zamu ya dada yake Gertrude, mama wa Elodie, haikufika. Usiku Ezechiel alilala kwenye nyumba ya wageni mjini Lilongwe, na asubuhi akakodi gari kuja kambini, huku moyoni akijiandalia maneno ya kumfariji. Lakini watoto wa majirani walijazana mlangoni, wakaomba kuona bahari, na maneno yale yakayeyuka. Mgeni mwenye hadithi ni kama jogoo mwenye jua: hawezi kunyamaza. Aliwaeleza jinsi alivyojifunza kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni, akawaonyesha kasa aliyekuwa akila nyasi za bahari, hana habari na mtu.

Gertrude aliketi pembeni, akipinda kwa mkono upindo wa sketi ya shule. Hakuwa ameinua uso tangu simu itolewe.

"Lakini bora ya yote ni siku ile," Ezechiel aliendelea, mikono yake ikiogelea hewani. "Tulishuka chini kabisa, tukakuta taa. Taa mbele, taa nyuma, taa juu ya vichwa!"

Sindano ikasimama.

"Huko chini," aliuliza Gertrude, "kuko taa?"

Watoto waliangua kicheko. "Hapana taa ya kuwasha, mama," alisema Elodie. "Ni jina ya ule samaki."

"Ah," alisema Gertrude. "Samaki."

Ezechiel hakucheka. Alikuwa ameuona uso wa dada yake kabla mtoto hajamsahihisha, ukiwa umefunguka kama dirisha, na sasa aliuona ukijifunga. Mikono yake ikashuka mapajani, akakosa pa kuificha.

Ziwa Tanganyika lilimchukua Josué, kifungua mimba wa Gertrude, boti iliyokuwa ikiwavusha kuikimbia vita ilipopinduka. Ezechiel alipiga mbizi kumtafuta, akaibuka, akapiga tena, mpaka wavuvi wakamkamata kwa nguvu wasije wakawakosa wawili. Mtoto hakuonekana, wala kaburi hakupata.

Si kwamba Ezechiel alikuwa amesahau. Aibu iliyomtambaa shingoni ilikuwa na ncha kali kuliko ya kusahau: yeye alikuwa amepona. Maji yaleyale yaliyomnyang'anya dada yake mtoto, yeye alikuwa ameyalipa nauli ili yamfurahishe, kisha akaibeba furaha hiyo kuvuka nusu ya dunia na kuja kuitandaza hapa, juu ya cherehani ya mama yule. Alinyoosha mkono kuizima simu.

"Wacha," alisema Gertrude. Akawageukia watoto. "Muende mucheze inje. Elodie, angalia bale badogo."

Walipobaki wawili, alisogeza kigoda chake karibu.

"Kuko baridi?"

"Mwanzo tu, yaya," alimjibu dada yake mkubwa.

"Masikio inaumaka?"

"Inauma ukishuka mbio. Kisha inaachilia."

Aliyajibu yote kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya vigae vya chupa. Gertrude aliupitisha uzi kati ya vidole, akaupitisha tena.

"Na mutu akikuita toka juu," alisema, "unasikiaka?"

Nje mwendesha baiskeli aliyebeba abiria alipiga kengele, akapita. Ezechiel alijua kwamba injini ya boti husikika chini ya maji. Angeweza kusema ndiyo, na ndiyo hiyo ingekuwa zawadi. Alikifungua kinywa, likatoka jambo jingine.

"Sijui, yaya. Mimi, hakuna mtu amewahi kuniita."

Gertrude aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyepewa kitu kizito lakini chake.

"Mi nilimuita mpaka sauti ikakatika," alisema.

Dereva wa lile gari la kukodi akachungulia mlangoni, akauliza kama warudi mjini. Ezechiel alitoka, akamlipa, akamwambia aende. Alipoingia tena hakuketi kwenye kiti cha mgeni alichowekewa. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, karibu na miguu ya dada yake.

"Josué," Gertrude alianza, na jina lile, ambalo kinywa chake hakikuwa kimelitaja mbele ya ndugu yake tangu siku ile, likatoka likiwa na kutu, "alikuwa anapenda kulala na kiatu moja. Moja tu. Ukiivua, analia."

"Ya mguu gani?" Ezechiel aliuliza.

Gertrude alifumba macho, akitafuta.