Mahali Mkono Usipofika

Mchukuzi huyu wa mchanga, mtaa ulimwita Msuluhishi, maana hakuvumilia ugomvi hata wa kuku. Majirani wakipandishiana sauti tu, keshafika katikati, mikono juu, "Jamani, jamani!" Mkewe alisema mumewe angeweza kutenganisha hata chanda na pete, akidhani vinabanana.

Basi mwezi huo akafanya makubwa mawili. Kwanza alimhamisha baba yake. Mzee aliishi ukuta kwa ukuta na seremala mstaafu, na kila Msuluhishi alipokwenda kumwamkia aliwakuta wanatukanana.

"We mzee, hujafa tu?" seremala anauliza.

"Nife anichongee nani jeneza, wewe? Si litaachia njiani!"

Msuluhishi roho ikamuuma. Uzee gani huo wa kutukanwa tangu asubuhi? Akampakia baba mkokotenini, yeye na kitanda na redio yake, akamleta kwake, kwenye chumba chenye godoro jipya na kimya cha kutosha.

La pili lilikuwa la punda. Alikuwa nao wawili, Bi Mkubwa na Bi Mdogo, nao kila wakifunguliwa walisimama mmoja kichwa huku, mwingine kule, wakang'atana mabega. Msuluhishi akawakemea wee, mpaka akachoka. Bi Mdogo akapelekwa kwa shemeji.

Nyumba ikatulia. Ikatulia mno! Bi Mkubwa akaugeukia ukuta wa zizi, pumba hali, nzi hafukuzi, na mkokoteni akiletewa anautazama tu kama mgeni asiyemjua. Huko ndani Mzee naye akaugeukia ukuta wa chumba. Uji ukapoa, redio ikanyamaza. Msuluhishi akawa mtu wa kukimbia baina ya zizi na chumba, huyu dawa ya minyoo, yule dawa ya kuongeza damu.

"Angalia, baba watoto," mkewe akamwambia, "utakuja kukosea chupa."

Mke akacheka peke yake. Mzee alikuwa amekonda hata saa yake ikawa inamzunguka mkononi kama bangili, na Msuluhishi aliogopa, aliogopa kweli, kwamba amemleta baba yake nyumbani aje kumfia.

Daktari wa mifugo alipokuja, Mzee alikuwa ametolewa nje, ameketishwa kitini uani aote jua. Daktari, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi, akamkagua punda macho, masikio na meno.

"Huyu hana ugonjwa. Anaishi na nani?"

"Na mimi."

"Nauliza punda mwenzake, bwana."

"Aa, yule nilimtoa. Walikuwa wanaumana, daktari! Hapa, juu ya mabega."

Daktari akapeleka kucha papo hapo, akakuna. Bi Mkubwa akafumba macho. Mdomo wa juu ukamrefuka, ukatetemeka, kisha akageuza shingo akaanza kumtafuna daktari begani, polepole, mpaka koti likalowa mate.

"Unaona? Hawakuumana, walikuwa wanakunana. Hapa punda hajifikii mwenyewe. Umemwondolea mwenzake, sasa anaomboleza."

"Punda aomboleze?"

"Kwani huzuni umeinunua wewe peke yako?"

Msuluhishi alitaka kusema shukrani ya punda ni mateke, lakini sauti ikatoka kitini, sauti ambayo nyumba ilikuwa imeanza kuisahau.

"Daktari, ukimaliza na huyo, nisemee na mimi." Mzee akamgeukia mwanawe. "Wanasema mtu hujikuna mkono unapofika. Sawa. Na pale usipofika, mwanangu? Umenipa godoro, nashukuru. Lakini yule mpumbavu nimetukanana naye tangu wewe hujazaliwa. Siku tuliyomzika mama yako, watu wote walinipa pole. Yeye alinitukana, ndipo nikaweza kula."

Mke wa Msuluhishi, aliyekuwa mlangoni, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Msuluhishi, mikono yake iliyozoea kupanda juu ikakosa pa kwenda.

Hakungoja. Alimfuata Bi Mdogo kwa shemeji, na punda wawili walipoonana wakapiga kelele za kuezua paa, naye hakuwakemea. Akawafunga wote kwenye mkokoteni, akapakia kitanda, redio na baba.

Walimkuta seremala amekaa mlangoni pake, naye amekonda. Alimtazama Mzee toka juu hadi chini.

"Nani kakuruhusu kurudi?" akasema. "Nilishaanza kuzoea hewa safi."

"Sema polepole, hilo jino lililobaki lisije likaanguka!"

"Jamani, ja..." Msuluhishi akaanza, mikono ishapanda. Akaishusha, akaitia mifukoni.

"Na wewe umesimama kutazama nini?" Mzee akamfokea. "Huoni tuna njaa?"