Kelele Asiyoisikia

Mkata nyasi wa hospitali alikuwa anageuza trekta lake mwisho wa mstari, kando ya wodi ya wanawake, alipomwona msimamizi amesimama katikati ya nyasi, mikono kiunoni. Akazima injini. Visu vilivyofichwa chini ya tumbo la trekta, ndani ya bati pana kama sinia lililofunikwa, vilizunguka kidogo vikatulia.

"Hivi wewe mzee una nini?" msimamizi aliuliza.

Mkata nyasi alimtazama midomo. "Kuna nini, bosi?"

"Kelele. Mashine yako inalia kama mbuzi anayechinjwa, wagonjwa hawalali. Mama wa kufulia kakuambia juzi, ukamjibu sawa. Mlinzi kakuambia jana, ukamjibu sawa. Mimi mwenyewe nimekuambia leo pale getini. Ulinijibuje?"

Hakukumbuka kuambiwa chochote getini. Alikumbuka tu msimamizi akipita, uso umeinamia simu, midomo inacheza.

"Nilisema sawa," alijibu polepole.

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa. Nakupa mpaka saa nane. Ikilia tena baada ya hapo naiita ile kampuni ya kukata nyasi. Wana mashine zao, wana watu wao, na watu wao wakiambiwa jambo wanalifanya."

Akaondoka bila kungoja jibu.

Mkata nyasi alibaki juu ya kiti, mikono juu ya usukani. Kelele gani? Yeye hakuwa amesikia kitu. Kwake trekta lilikuwa mtetemo tu, mtetemo wa kwenye makalio na nyayo, na ukungu mzito ndani ya kichwa usioisha hata akizima injini.

Masikio yalimwisha kidogo kidogo, kama mchele unaovuja kwenye gunia lenye tundu; mwenye gunia hujua akishafika nyumbani. Miaka ya mwanzo aliomba vile vifaa vya kuziba masikio. Msimamizi wa wakati ule alicheka, akamuuliza kama anataka kusikiliza muziki kazini. Akaenda chumba cha vidonda kuomba pamba. Wakamwambia pamba ni ya wagonjwa. Na kliniki ya masikio ilikuwa palepale, nyuma ya ukuta wa maua. Nyasi zake alizikata yeye. Lakini hakuwahi kuvuka mlango wake, kwa sababu cheti cha matibabu cha mfanyakazi hakiishii kwa daktari, hupanda mpaka ofisini, na mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja.

Basi akajifunza kusema sawa. Ukimsalimia, sawa. Ukimtania, sawa na kicheko. Wenzake wakambandika jina la Mzee Sawa. Wengine walisema ana majivuno, ametia pamba masikioni. Saa ya chai alikaa peke yake nyuma ya stoo, ili asiulizwe kitu. Siku moja binti yake alimpigia simu kumwambia mtoto wake amelazwa, hali si nzuri. Naye akajibu, "Sawa, sawa mwanangu, wasalimie wote." Mtoto alipona, Mungu ni mwema, ila simu hazikuja tena kama zamani. Yalibaki maombi. Chumbani kwake, akipiga magoti kando ya kitanda, hapo tu ndipo alipozungumza bila kuogopa kuambiwa, "Nimeshasema."

Alilisukuma trekta mpaka uwanja wa nyuma, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Akachomoa waya wa plagi, injini isiweze kuwaka, maana visu havina udugu na vidole. Akalala chali, akapapasa. Nyasi mbichi zilikuwa zimegandamana chini ya bati kama uji ulioungua, akazikwangua zote. Akakaza nati za visu. Akaupitisha mkanda kati ya vidole akitafuta mpasuko. Haukuwapo. Kisu kimoja kilikuwa kimepinda ncha, akakinyoosha kwa nyundo.

Akarudisha waya, akawasha, akaungurumisha. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akatazama nyuso za watu.

Kwenye benchi la nje walikaa wagonjwa wanaongoja dawa. Injini ikiwaka peke yake, waliendelea na maongezi yao. Alipovuta wenzo, ule mkono wa chuma unaozungusha visu, mwanamke mwenye bandeji shingoni alikunja uso kama aliyeng'ata ndimu. Mwenzake akaziba masikio. Akarudisha wenzo, nyuso zikafunguka. Akavuta tena, zikafunga.

Kumbe si injini. Iko chini, kwenye visu. Alisikia aibu na furaha kwa pamoja, maana alikuwa akitesa watu ili wamwambie kitu bila wao kujua.

Akazima, akachomoa waya, akauvua mkanda. Mihimili ya visu ilikuwa mitatu. Akaizungusha kwa mkono mmoja mmoja. Wa kushoto ulikwenda laini. Wa katikati vilevile. Wa kulia ulisita. Akaegemeza chuma cha bisibisi kwenye shingo ya mhimili, akang'ata mpini, akazungusha tena. Akahisi kama mchanga unamsaga ndani ya meno.

"Ee Bwana, asante," alisema. Beringi, ile pete ya gololi inayobeba mhimili, ilikuwa imekwisha.

Dirisha la stoo lilikuwa na nondo, na mtunza stoo alikuwa ameinama anakula.

"Naomba beringi ya mhimili wa visu," mkata nyasi alisema, akiinua ile mbovu aliyoichomoa.

Kichwa kikatikisika, taya zikatafuna. Kama alisema neno, alilisemea sahani.

"Sawa," mkata nyasi alijibu. Akasimama pembeni kungoja.

Alingoja. Jua likahama ukutani. Mtunza stoo alinawa, akarudi, akamwona bado yupo, akasema kitu tena kwa kumpa mgongo. Mkata nyasi akaitikia tena sawa.

Mkono ukamgusa bega. Alikuwa mama wa kufulia, ndoo ya vibanio mkononi. Alizunguka, akasimama mbele yake.

"Baba, unangoja nini? Amekuambia hakuna. Amekuambia mpaka amechoka."

Akaishusha ile beringi. Yule mama alimchunguza macho, kama anavyochunguza doa kwenye shuka.

"Husikii," alisema.

Mkata nyasi alitazama chini. Alipoinua uso, yule mama alikuwa bado anamngoja.

"Nasikia kidogo upande huu," alisema, akigusa sikio la kulia. "Usimwambie mtu, dada yangu."

"Mimi nilikuwa nakusema vibaya. Nilidhani unaniona takataka." Akaitua ndoo. "Hebu nionyeshe hicho kidude."

Aliigeuza beringi kiganjani. "Tuna mashine ya kufulia imekufa tangu mwaka jana, iko pale nyuma inaota kutu. Ndani ina vitu vya duara kama hivi. Fundi alinionyesha, akasema kila kitu ni kizima isipokuwa mota."

Waliifungua pamoja. Namba iliyochongwa ubavuni ilikuwa ileile. Mkata nyasi aliigonga ikatoka, akaipaka grisi, akaifunga mahali pake. Mama wa kufulia alisimama penye kamba za mashuka awe masikio yake: mkono juu, inalia, mkono chini, imetulia. Akawasha, akavuta wenzo. Mkono ulibaki chini. Kwenye benchi hakuna aliyegeuka.

Yule mama akacheka, akasema jambo refu. Mkata nyasi alilisoma midomoni robo tu, lakini hakuitikia sawa. Alimwomba arudie, naye akarudia: "Nimesema, sasa inaunguruma kama paka aliyeshiba."

Saa nane ilipofika alikuwa anapita kando ya wodi, mkanda wa nyasi zilizokatwa umenyooka nyuma yake, alipoona mama wa kufulia anampungia kwa mikono miwili. Akageuka. Msimamizi alikuwa nyuma yake, uso umeiva kwa kuita. Akazima.

"Nimekuita mpaka koo limekauka," msimamizi alisema. Kisha akamgeukia mama wa kufulia. "Na wewe unampungia kwa nini?"

Mama wa kufulia alikuwa bado ana furaha usoni. "Hasikii huyu baba, bosi. Hana masikio, lakini ametengeneza. Si umesikia ilivyotulia?"

Yule mama alijua alichokifanya kabla hajafunga mdomo. Akaushika kwa kiganja.

Msimamizi aliangalia trekta, akaangalia benchi la wagonjwa. "Kumbe. Siku zote hizi unapitisha visu kati ya watu, na husikii?"

"Naona, bosi. Aliye mbele namwona."

"Na wa nyuma?"

"Wa nyuma visu vimeshampita."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Msimamizi hakucheka. "Usalama kwanza, mzee. Lete ufunguo."

Alilijua neno usalama kwa umbo lake mdomoni, ingawa miaka aliyoomba vifaa vya kuziba masikio hakuna aliyelitamka. Akauchomoa ufunguo, akaufumbata.

Msimamizi aligeuza uso upande wa jengo la ofisi. Akaanza kusema, maneno mengi, macho kwenye nyasi mpya. Mkata nyasi aliona shavu tu likipanda na kushuka.

Akashuka kwenye kiti. Akazunguka taratibu, akaja kusimama mbele ya yule msimamizi kijana, karibu kiasi cha kuona jasho juu ya mdomo wake.

"Sijasikia ulichosema," alimwambia. "Nitazame usoni, uniambie tena."

Msimamizi alitupa jicho kwenye benchi. Benchi zima lilikuwa linawatazama. Mkata nyasi alisimama palepale, ufunguo kiganjani, macho kwenye midomo yake, akingoja.