Mlango wa Nyuma wa Bweni

Watu wa Wamaza walikuwa wamemchoka Mado na mambo yake ya mlango. Ukimsalimu habari ya mihogo, yeye anakujibu habari ya mlango. Ukimkuta kanisani, mlango tu. Lakini nani angemwambia anyamaze? Binti yake wa kwanza, Rosine, aliungua Salamabila, ndani ya duka la mtu mmoja aliyekuwa akiwafungia wasichana wake wa kazi kwa nje na kufuli kubwa, eti wasimwibie. Moto uliposhika, mwenye ufunguo hakuwapo. Kwenye matanga watu walisema ajali haina kinga. Maskini, walidhani wanamfariji. Mado akanyanyua kichwa akawauliza: "Haina kinga? Na mlango je?"

Basi mdogo wake Rosine, Darlène, alipopata nafasi katika bweni la wasichana kule Kasongo, mama alikataa kumwacha mpaka aone mahali anapolala. Akaona: nyumba ndefu, madirisha yana nondo, mlango mmoja. Lo! Alipiga makelele hadi mkuu wa shule, Mama Prefe, akaziba masikio. Akaiandama komite ya wazazi, akaandama parokia, hakuacha mtu. Mwisho wazazi wakafanya salongo, kazi ya pamoja bila malipo, wakatoboa ukuta wa nyuma, na fundi wa kuchomelea vyuma akaweka mlango unaofunguka kwa nje ukiusukuma kutoka ndani, bila ufunguo. Mumewe Nestor naye akaacha shamba, akaomba kazi ya usentineli hapo hapo shuleni, kulinda. "Huyu hatanitoka machoni," alisema. Mado akarudi Wamaza, na tangu matanga ndipo alipopata usingizi.

Jioni moja alifika kwa pikipiki kumletea Darlène unga, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akamkuta Hervé, fundi anayezunguka kupima milango ya moto. Hervé hakuwa amemwambia mtu mapema, hata masentineli, kwa sababu jaribio likitangazwa kila mtu anakimbilia kufagia. Aliwasha majani mabichi ndani ya pipa karibu na mlango wa mbele, moshi ukaanza kuingia bwenini, akawaambia wasichana: "Hakuna hatari, mabinti. Mimi nitashika mlango huu wa mbele, tuseme moto uko huku. Ninyi mtoke nyuma."

"Na mimi niko ndani," Mado akasema. "Ule mlango ni wangu."

Wakacheka wote, hata yeye. Aliwapita wasichana, ameshika mkono wa Darlène, anajidai kabisa, akausukuma mlango wake.

Haukwenda.

Akasukuma tena, kwa bega. Upande wa nje kitu kiligonga, chuma kwa chuma. Nyuma yake kicheko kikakatika. Moshi ulikuwa umefika kwenye vitanda vya kati, wasichana wanakohoa, na Darlène akamvuta kitenge: "Mama, haifunguke?"

Kumbe ni hivi, Mado akawaza. Rosine alisimama hivi hivi, akasikia chuma kinagonga hivi hivi, akamwita nani? Ndipo Mado akaanza kuupiga ule mlango kwa ngumi mbili, akilia kwa sauti ambayo hakujua kama anayo.

Hervé aliposikia vile aliachia mlango wa mbele. "Tokeni huku! Wote, upesi!" Wasichana wakamiminika nje. Darlène alimvuta mama yake, lakini ni sawa na kuvuta kisiki.

"Nenda, mwanangu. Mimi nitatoka huku."

Kule nje miguu ilikuja mbio. Mtu anahema, ufunguo unahangaika. "Ngoja! Inakwama! Ngoja!" Sauti ile Mado aliijua. Amelala kando yake miaka yote.

Mlango ukafunguka. Nestor amesimama, jasho linamtiririka, kufuli mkononi.

"Ni wewe?" Mado akasema. "Baba Rosine, ni wewe?"

"Vijana wanaochimba dhahabu, Mama Rosine! Kila jioni wanaleta mapikipiki yao huku nyuma, wanaita wasichana. Na mlango wenyewe mutoto akisukuma tu, iko inje! Mutoto wetu iko humu. Ulitaka nifanye nini?"

Ndiyo hivyo. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawa waliumwa na nyoka mmoja, lakini kila mmoja alikuwa anashtukia unyasi wake.

Macho ya Mado yalishuka kwenye kufuli. Lilikuwa kubwa, upande mmoja jeusi kama tako la sufuria.

"Hiyo kadena umeitoa wapi?"

Nestor akalificha kufuli nyuma ya mgongo.

"Uliniambia uliitupa mutoni. Wewe mwenyewe uliniambia!"

"Nilishindwa kuitupa." Alisema polepole, kama mtoto. Mwenye duka alipokimbia baada ya moto aliuacha hata ufunguo wake. Nestor akaviokota vyote viwili pale Salamabila, akavificha. "Ndiyo kadena ya nguvu tuliyo nayo, Mado. Hata moto haikuiweza."

Ee Mungu wangu. Mado alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia nyumbani bila hodi. Hervé, aliyekuwa amezunguka nyumba akasikia yote, akasema kwa sauti ya chini kwamba jaribio limeshindwa, lazima lirudiwe.

"Lirudiwe," Mado akasema. Akalichukua kufuli mkononi mwa mumewe. "Na yeye aingie."

Nestor akaingia bila ubishi, na wasichana nao wakarudi ndani. Milango ikafungwa, Hervé akaongeza majani. Mado akabaki nje, nyuma, amekikumbatia kile chuma, akamsikia mumewe anakohoa, kisha miguu yake inakuja kwa kasi.

Alikuja na bega lake lote, na nguvu zake zote za mwanaume, kama mtu anayejua atakataliwa. Mlango ukampisha. Nestor akatoka nao mzima mzima, akaanguka kwa mikono vumbini, wasichana wakamruka wakitoka.

Akainuka. Akaingia tena ndani, akauvuta ule mlango, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunguka. Akauvuta, akausukuma tena.

"Mama Rosine," akasema. "Iko nyepesi hivi?"

"Iko nyepesi hivi."

Nestor akaketi vumbini mbele ya shule nzima, akaanza kumwita Rosine kwa jina lake. Tangu matanga hakuwa amemlilia hata siku moja.