Zamu ya Nerida

Kwenye lango la hifadhi kuna bango lenye picha ya mbwa aliyekatwa na mstari mwekundu, kutoka sikio hadi mkia. Mstari huo nimeuona kwenye malango ya nchi nzima, na kila nikiuona huutukana kidogo, kwa sauti ya chini. Mke wangu Nerida alikuwa akiniambia, "Lindsay, bango halina masikio." Basi naongeza sauti.

Miaka kumi na mmoja tuliizunguka Australia tukivuta karavani yetu, mimi, yeye na Pikelet. Pikelet ni mbwa wa kahawia, tuliyempa jina la chapati za maji kwa sababu siku tuliyomleta nyumbani alikula sahani nzima ya chapati hizo na kulamba meza. Hifadhi hazitaki mbwa. Kambi zinazokubali mbwa nazo hazitaki mbwa aachwe peke yake. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu, kama walivyo wengi tunaokutana nao barabarani wakiwa na mbwa: mnapiga kambi nje ya hifadhi, leo mmoja anakwenda kutazama na mwingine anakaa na mbwa, kesho mnabadilishana. Na anayerudi lazima asimulie. Hiyo ilikuwa sheria ya Nerida, na kwenye sheria zake hakuwa na mzaha. Ilibidi uanzie pale ulipoegesha gari na usiruke kitu, hata kama ulijikwaa. Yeye mwenyewe alisimulia vizuri mno, hata kuna maporomoko mawili ya maji ambayo mpaka leo naapa nimeyaona, kumbe nilikuwa nimekaa kitini namkuna mbwa tumbo.

Kuchagua kambi ilikuwa kazi yake. Alikuwa na daftari la jalada la bluu, na kila kambi aliichorea nyayo za mbwa: unyayo mmoja maana yake wanakuvumilia, tatu maana yake wanakupenda. Alipiga simu mwenyewe na kuwahoji kama polisi. Kuna kivuli cha mchana? Kuna uzio? Sumu ya mbwa mwitu imetegwa umbali gani kutoka hapo? Wakimwambia wanapokea mbwa wadogo tu, wa kilo kumi na tano, alikuwa akijibu bila kupepesa macho kwamba wetu ana kilo hizo hizo, akiwa amekaa. Pikelet ana kilo ishirini na mbili, akae asikae.

Miaka miwili iliyopita tulifika huku Pilbara, nyanda kame za kaskazini-magharibi, kwenye kambi yenye nyayo tatu, karibu na korongo ambalo Nerida alikuwa akilitaja tangu siku tulipouza nyumba. Mengine yote tulipitia njiani. Hili ndilo alilolifuata. Sijui kwa nini zamu ya kwanza nilichukua mimi. Labda magoti yake yalikuwa yamechoka na safari, labda nilikimbilia tu. Nilishuka asubuhi, na kule chini nikakaa juu ya jiwe nikalia. Mimi, fundi bomba mstaafu wa miaka sabini, ambaye kwenye mazishi ya baba yangu nilikuwa nikikagua mifereji ya kanisa.

Nilipopanda juu, simu ikapata mtandao. Kambi yetu iliyofuata, ile ya pwani ambako mbwa wanaruhusiwa kukimbia bila kamba, ilikuwa imebakiwa na kiwanja kimoja tu. Ilikuwa likizo ya shule, kila familia iko barabarani, na wenye mbwa tunagombania viwanja vichache. Walisema tusipofika kabla ya giza watampa mwingine. Nikapiga hesabu ya barabara kichwani. Tukingoja kesho yake, zamu ya Nerida, kiwanja kimekwenda. Basi nikafika kambini, na kabla hajaniuliza nikasema, "Mawe tu, na maji ya baridi. Hujakosa kitu."

Akaanza kukunja viti.

Nilimwambia tutarudi mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata, mwezi kama huo, alikuwa amelazwa Perth, nami kila alasiri nampeleka Pikelet chini ya dirisha lake ili Nerida aone angalau masikio yake. Wiki ya mwisho akaniuliza, "Yale mawe yalikuwaje, Lindsay?" Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusema. Nikaona aibu. Nikasema, mawe tu. Alifariki Oktoba, na uwongo wangu alikwenda nao.

Kwa hiyo mwaka huu nimerudi. Majivu yake walinipa kwenye kisanduku cha plastiki ambacho Nerida asingekubali kutilia hata misumari, nikamhamishia kwenye mkebe wake wa majani ya chai, ule wa kijani. Sikukusudia kumwaga chochote. Nilitaka tu afike. Niliomba kiwanja kile kile cha mwisho, chini ya mti ule ule, na pale nikagundua kitu ambacho mtu mzima mwenye akili angekigundua kabla ya kuendesha kilomita elfu moja na mia tano: sina wa kumwachia mbwa.

Aliyeniokoa ni jirani wa kiwanja cha pili, mama mmoja wa mji wa Geelong aitwaye Tamsin, anayesafiri na mume wake, mabinti wawili na mbwa mwenye jicho moja. Nilipoanza kujiumauma akanikatiza, akasema anajua, na wao hupokezana hivyo hivyo, tena mume wake ndiye aliyeko korongoni saa hiyo. Akaniambia kesho niende bila wasiwasi, Pikelet atakaa na wanawe. Mabinti walikuwa tayari wanabishana nani atamshika kamba.

Asubuhi nilifanya kila kitu kama siku zote. Nilitandika mkeka chini ya turubai, nikajaza bakuli la maji, nikafungua meza ndogo, nikaweka mkebe juu yake ili nisiusahau. Nikafunga mkate, nikajaza chupa, nikavaa kofia. Nikambusu Pikelet kichwani, nikasema, "Haya, kaeni vizuri, nitarudi mchana." Nikaondoka.

Korongo lilikuwa vilevile. Ngazi za chuma zinashuka mpaka mahali ambapo jua halifiki, kuta nyekundu zimepangana kwa matabaka kama vitabu vilivyolazwa, na chini kabisa kuna dimbwi la kijani, limetulia hivi kwamba unaogopa kukohoa. Nililipata jiwe langu. Nikakaa, nikapumua, nikavua mkoba mgongoni, nikasema, "Haya mama, tumefika." Nikatia mkono. Mkate. Chupa. Nikatia mkono tena.

Nilimwacha mezani. Miaka kumi na mmoja mmoja anakwenda, mmoja anabaki na mbwa, na mikono yangu ilijua hivyo tu. Nilikuwa nimewaaga wote wawili, nikasema kaeni vizuri, na sikusikia nilichokisema. Mara ya pili nimeliona korongo lake, na mara ya pili yeye yuko kambini na mbwa. Nililia kwa sauti. Kulikuwa na vijana wawili Wajerumani wanaogelea, wakatoka majini taratibu, wakaenda kukaa mbali. Sikujali.

Niliporudi, Tamsin alikuwa amekaa chini ya turubai langu anamenya viazi. Pikelet amelala mkekani, na mkebe haukuwa mezani. Nikaizunguka meza mbio. Kumbe uko chini, kwenye kivuli, mbele ya pua ya mbwa.

"Jua lilihamia mezani," Tamsin akasema. "Nikaona majani yako ya chai yataharibika. Halafu huyu mzee mwenzako hakutaka niusogeze mbali. Umekwenda ukaonaje?"

Nikamwambia yaliyomo siyo majani ya chai. Nikamwambia ni nani, na nimefanya nini leo, na nilifanya nini miaka miwili iliyopita. Kisu kilisimama kwenye kiazi. Hakuniambia pole, na namshukuru kwa hilo, maana pole nimechoka nazo. Akamwita mume wake, wakanong'ona kidogo, akarudi.

"Tulikuwa tuondoke kesho asubuhi," akasema. "Tutaondoka kesho kutwa. Kesho nendeni."

Nikamuuliza na kiwanja chao cha mbele je, huko pwani walikokuwa wanaelekea, maana nafasi ikipotea imepotea. Akasema waache wampe mtu mwingine, pwani haihami. Alilisema kama jambo dogo, akaokota viazi vyake akaenda zake.

Nendeni, alisema. Nikabaki na neno hilo. Miaka kumi na mmoja, nchi nzima, na hakuna maporomoko, hakuna jabali, hakuna korongo hata moja ambalo mimi na Nerida tulilitazama pamoja. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hivyo. Kesho ingekuwa mara ya kwanza, na ningekuwa nimembeba mgongoni.

Lakini hiyo ni kesho. Leo nilikuwa nimekwenda mimi, na aliyekwenda lazima asimulie. Nikavuta kiti mpaka kando ya mkeka. Pikelet akafungua jicho moja, akaweka kidevu juu ya mkebe. Nikasema, "Nilikudanganya, Nerida. Hayakuwa mawe tu." Kisha nikaanzia pale nilipoegesha gari.