Unyevu Chini ya Turubai

Miti ile niliinyima maji kwa makusudi. Nilitandaza maturubai kuzunguka mashina, katikati ya msitu, mvua isiguse udongo, halafu nione mizizi itafanya nini kiu ikizidi. Ndio ulikuwa utafiti wangu wa shahada ya pili, na ndugu zangu walinicheka mpaka wakachoka. Ufadhili ulikuwa unaisha mwaka huo. Msimu ule ukiharibika, hakukuwa na mwingine.

Basi nikateleza nikavunjika mguu. Mama, muuguzi mstaafu asiyejua kukaa bure, akafunga safari kuja kuniuguza kwenye nyumba ya watafiti: chumba kimoja, kitanda cha chuma, meza iliyojaa bahasha za mizizi mikavu. Kwa kuwa njia ya msituni ilinishinda na magongo, nikamfundisha kutumia kifaa cha kupima unyevu. Unabonyeza, unasoma namba, unarudi kuniambia. Mengine sikumweleza. Niliona yangemchosha bure.

Mwanzoni namba zilishuka kama nilivyotarajia, nami nikawa nazipokea kimya, nimekunja uso, nikiwaza hesabu zangu. Kisha asubuhi moja mama akarudi na namba iliyopanda. Nikakaa wima kitandani. Mvua haikuwa imenyesha, na turubai aliniapia kwamba ni zima. Kesho yake ikapanda tena. Nikacheka kama mwehu, kwa sababu nilitaka maelezo ya aina moja tu: mizizi ilikuwa inavuta maji kutoka chini kabisa na kuyaachia huku juu, miti ikinyweshana.

Nikampigia profesa anayenisimamia. Wanafunzi tunamwita Bwana Ushahidi, maana ukimwambia habari za asubuhi anaweza kukuuliza una uhakika gani kama ni asubuhi. Safari hii hakuuliza chochote.

"Nakuja Jumatatu na wenzangu," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Usiguse kitu."

Sikuwahi kumfurahisha mtu wa namna ile. Nilipokata simu nililia.

Jumapili uvumilivu uliniisha. Mama alipotoka, nikamfuata nikijikongoja, nikitukana kila mzizi uliokatiza njia. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Kunywa, baba, kunywa. Na wewe mnene usinune, zamu yako inakuja."

Alikuwa ameinua pembe ya turubai, ameinama, anamimina maji ya ndoo taratibu kwenye shina. Nikakaa chini palepale na plasta yangu.

"Mama, unafanya nini?"

"Si namwagilia? Majani yalikuwa yanapukutika, na wewe huwezi kubeba ndoo. Sikutaka kukusumbua."

"Tangu lini?"

"Tangu zile namba zilipokuwa zinakunyima raha. Nilijaribu siku moja, nikakuletea namba kubwa, ukakaa ukacheka. Nikasema, kumbe dawa yenyewe ni hii."

Hasira ilinijaa kifuani na sikupata pa kuipeleka. Ningemfokea nani? Nikamweleza polepole: turubai ni la kuzuia maji, miti ilitakiwa iwe na kiu, na kesho wageni wanakuja kuona maji ambayo mizizi imeyapandisha yenyewe. Alinisikiliza ameikumbatia ndoo tupu.

"Kwa hiyo nimekuharibia."

Nilitaka kusema hapana.

Akapiga magoti, akaanza kuchota udongo uliolowa kwa viganja na kuutia ndooni, haraka haraka, mizizi midogo ikikatika kwenye vidole vyake.

"Nielekeze basi, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Tunayatoaje? Yamefika wapi?"

Sikumzuia, wala sikumsaidia. Alijaza ndoo, akaimwaga pembeni, akarudi kuchota tena.