Kaburi la Danuwa

Kabla hakujapambazuka nilisikia chokaa ikisonya ndani ya ndoo. Mjukuu wangu Garmai alikuwa ameimwagia maji huko uani, na chokaa ikishapata maji huchemka yenyewe, tss, tss, kama mwanamke aliyeudhiwa. Nikajua Jumatano imefika. Jumatano ya pili ya Machi, Liberia nzima huenda makaburini kung'oa nyasi na kupaka chokaa. Ukikaa nyumbani siku hiyo watu hukuuliza kama huna wafu.

Mimi kaburi langu liko nyuma ya jiko. Siendi mbali.

Jua lilipochomoza jirani yangu Kebbeh alipita na panga na ndoo yake, akasimama kwenye ua.

"Yassah! Bado unampaka poda mume wako mgeni?"

"Nampaka. Wangu angalau halali nje."

Kebbeh alicheka mpaka akaweka ndoo chini, maana mume wake alivuka mpaka na mwanamke mwingine tangu vita vya kwanza na hajaonekana tena. Kisha akaitazama brashi yangu iliyokwisha manyoya, akaichukua bila kuniuliza, akaniachia yake mpya, akaenda zake.

Garmai alichukua rangi nyeusi akaanza kufuatisha herufi kwenye ubao wa kaburi. Siku hizi anafundisha darasa la pili, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. DANUWA. OKTOBA 1992. Hayo tu ndiyo niliyokuwa nayo ya kuandika.

Mwaka ule Ekomog walikuwa wameweka kizuizi mbele ya nyumba yetu hapa Caldwell, mifuko ya mchanga na bunduki kubwa moja. Ekomog lilikuwa jeshi la majirani, Wanaijeria, Waghana, Waginea na wengine, wametumwa na nchi zao waje wasimame katikati yetu tusimalizane. Kizuizi chetu kilikuwa na Wanaijeria wanne. Wao walisema lugha yao ya kaskazini, mimi Kikpelle, na katikati tuliokoteza Kiingereza. Mmoja wao, mrefu, kila asubuhi aliitwaa ndoo ya maji mkononi mwangu akaibeba hadi mlangoni. Hakuwa na maneno. Aliitua, akarudi kwenye mchanga wake.

Siku moja nikampelekea wali na kisamvu. Alikula amechuchumaa. Akaomba pilipili, akatokwa na machozi, akacheka, akaomba nyingine. Adhuhuri hiyo kombora likaanguka barabarani.

Wenzake walimleta uani kwangu wamemshika mabega na miguu, wakilia, "Danuwa! Danuwa!" Barabara ya kwenda mjini ilikuwa haipitiki. Wakachimba nyuma ya jiko, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, wakabishana kidogo uso uelekee wapi, mpaka mmoja akatoa dira mfukoni. Kabla ya machweo wakapewa amri ya kurudi nyuma. Sikuwaona tena.

Wiki hiyohiyo binti yangu Lorpu, mama yake Garmai, alitoka na kikapu kwenda kutafuta mchele upande wa Barnersville. Hakurudi. Hakuna aliyeniletea mtu wa kuzika. Kwa hiyo Jumatano ya Machi ikifika, kaburi nililonalo ni hili.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi gari jeupe la askari wa amani wa sasa liliposimama barabarani. Dereva alibaki ndani, akashusha kofia usoni akalala. Akashuka mwanamke wa makamo, mwembamba, amejitanda mtandio wa kijani, na pochi ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akauliza kama hapa ndipo kwa bibi mwenye kaburi la mwanajeshi.

"Ndipo. Karibu ukae. Garmai, maji."

Alikunywa maji yote. Akasema anaitwa Ladidi, ametoka Sokoto, Naijeria. Mdogo wake Tanko alikuja huku na Ekomog, barua ya mwisho ikafika Septemba tisini na mbili. Jeshi liliwaambia hajulikani alipo, na mpaka leo ni hivyo. Sasa kijana mmoja wa kwao aliyeko Monrovia na askari hawa wa amani ndiye aliyewapigia simu akasema yuko bibi mmoja Caldwell anayetunza kaburi la Mnaijeria.

"Sisi ni wasichana wanne, Mama, ndipo akaja yeye. Tanko ndiyo maana yake, mvulana anayefuata wasichana. Tulimbeba mgongoni kwa zamu, tukagombana zamu ni ya nani."

Nikampeleka nyuma ya jiko. Alisimama akasoma ubao. Akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi.

"Nani aliwaambia anaitwa hivi?"

"Wenzake. Ndivyo walivyomlilia."

"Mama, hili si jina. Dan'uwa ni ndugu. Mtoto wa mama. Kwetu yeyote ukimpenda unamwita hivyo."

Asubuhi zote hizo nilikuwa nikifungua mlango wa jiko na kusema, umeamkaje, Danuwa, nikidhani namwita mtu kwa jina lake.

Garmai alikuwa bado ameshika brashi yake ndogo. "Bibi, sasa tuandike nini?"

"Acha hivyohivyo," Ladidi akasema.

Akafungua pochi, akatoa picha. Kijana amevaa sare, shingo ndefu, masikio yametoka nje kidogo. Nilikwenda nayo juani. Nikaitazama kwa muda mrefu, nikamtafuta yule wa ndoo ya maji. Nilikumbuka mkono wake kwenye mshikio wa ndoo. Nilikumbuka kisigino cha buti yake kilivyolika upande mmoja. Uso ulikuwa umenitoka. Sikujua umenitoka lini.

"Ndiye?" akauliza.

"Sijui, mwanangu."

"Tazama tena."

"Nimetazama. Sijui."

Alikaa kwenye jiwe la kufulia. Hakulia. Aliongea polepole kama mtu anayesoma orodha. Mama yao ana miaka themanini na moja, kifua kimemchoka. Kila baada ya swala anamwombea Tanko arudi salama, kisha anasita. Labda ni maiti, labda inampasa amwombee rehema. Anarudi mwanzo. Wakati mwingine anakaa juu ya msala mpaka swala nyingine inamkuta palepale.

"Hataki mifupa, Mama. Hataki hata udongo. Anataka kujua aombe dua ipi kabla hajafa. Basi sema tu ndiye. Neno moja. Nitampigia sasa hivi, useme."

Neno moja lisingenigharimu. Vita vile nimesema uongo kwenye vizuizi vingi, nimesema mimi ni Mvai, nimesema mimi ni Mbassa, kulingana na bunduki iliyokuwa mbele yangu. Lakini nikafikiria kama huyu aliye ardhini ni mtoto wa mwingine, basi nikishampa Ladidi, huyo mwingine akija kesho atakuta pameshachukuliwa. Na nikamfikiria mtu akiingia hapa uani kuniambia Lorpu yuko mahali fulani, kwa kunionea huruma tu.

"Piga simu," nikasema. "Nitamwambia nilichokiona. Zaidi ya hapo sina."

Alinitazama kwa hasira, halafu hasira ikaisha. Akapiga, akaiweka simu katikati yetu, sauti kwa nje. Nikasikia kikohozi, kisha sauti nyembamba ya mwanamke mzee. Wakasalimiana kwa Kihausa, salamu ndefu. Nilimweleza yote, ndoo, kombora, ubavu wa kulia, dira. Ladidi akatafsiri. Upande wa pili nikasikia kuku wao tu.

Kisha yule mama akauliza kitu kifupi.

"Anauliza," Ladidi akasema, "huyo uliyemzika alikuwa amekula?"

"Mwambie alikula. Asubuhi ileile, wali na kisamvu, na samaki mkavu ndani yake. Akaomba pilipili, akatokwa na machozi, akaomba tena."

Ladidi alianza kutafsiri, akakatiza njiani. Mama yake akamhimiza, naye akamalizia kwa sauti ya chini.

"Amesemaje?" Garmai akauliza.

"Anasema Tanko hakuwa akila pilipili. Tangu mdogo. Alikuwa akiziokota kwenye mchuzi moja moja." Akaigeukia simu, akaongea haraka, kisha akatuambia, "Namwambia jeshini watu hubadilika. Mama, si umesema alitoa machozi? Asiyezoea ndiye anayetoa machozi."

"Alitoa."

Akamwambia mama yake. Jibu likaja na kikohozi ndani yake, na nadhani na kicheko kidogo pia. Ladidi alifunga macho.

"Anasema asiyezoea haombi mara ya pili."

Garmai aliweka brashi kwenye kopo la rangi. Mimi nilikuwa nikitazama mikono yangu yenye chokaa, na sikuhisi kitu, wala afueni kwamba nimesema kweli.

Yule mama akaanza kuongea tena, taratibu, bila kusimama. Ladidi alisikiliza mpaka mwisho.

"Anasema huyu wa hapa, awe mwana wa nani, amejulikana kuwa amekufa. Atamwombea rehema kila siku, kwa sababu mama yake mwenyewe hajui kwamba inampasa kufanya hivyo. Na Tanko ataendelea kumwombea arudi. Anasema sasa ana dua mbili na hatachanganya tena." Akanigeukia. "Anakushukuru kwa chakula."

"Mwambie nami namshukuru."

Simu ikakatika, au salio liliisha. Ladidi hakuangalia. Aliinuka, akafunga ncha za mtandio kiunoni, akachukua brashi ya Kebbeh, akapaka upande wa kaburi ambao ulikuwa bado haujapakwa. Alipaka vizuri, kutoka juu kwenda chini, hakuacha mabaka. Nilipompakulia wali alikula sahani nzima, Garmai akampelekea dereva sahani yake garini.

Saa nane dereva akapiga honi. Ladidi alinawa mikono, chokaa ikabaki kwenye kucha. Akaiweka picha kwenye pochi, akasema kuna makaburi mengine ya Ekomog anataka kuyaangalia kesho huko Buchanan, na keshokutwa ndege.

Nilimshika mkono mpaka kwenye mlango wa gari.

"Ladidi, uje tena," nikamwambia. "Hata ukimpata wako kwingine, sisi uje tu kututembelea."