Mguu wa Farasi wa Mfalme Rusimbi

Mchana wa jana, ugali haujashuka vizuri tumboni, nililala kwenye kochi nikaota nimepanga foleni kumtembelea Mfalme Rusimbi wa Pili, yule wa shaba aliyepanda farasi. Mji wenyewe siujui. Una baridi na watu wake wote wamevaa makoti. Mimi nilikuwa na msuli na magongo mawili.

Magongo yana habari yake. Mimi ni fundi wa kuezeka, na miezi saba iliyopita nilianguka kutoka paa la godauni hapa Korogwe, mguu wa kushoto ukavunjika. Mfupa umeshaunga, picha zinaonyesha. Dada Nakijwa anayenifanyisha mazoezi hospitali amebembeleza mpaka kachoka. "Baba Sikudhani, kanyaga. Mguu ukizidi kusinyaa, kazi ya paa uisahau." Sikanyagi. Naogopa, na sioni haya kusema.

Getini mlinzi alikuwa kofia ya askari. Kofia tu, haina kichwa.

"Karibu, mzee. Wewe ni mgeni au sanamu?"

"Mgeni. Kwani huoni?"

"Naona mguu mmoja uko juu. Kwa kanuni za hapa, mwenye miguu chini ni mgeni, mwenye mguu juu ni sanamu. Saa kumi tunafunga. Wageni wanatoka, sanamu zinabaki."

Saa ya mnarani ilionyesha saa kumi kasoro dakika tano. Pembeni walishanimwagia jukwaa la zege, jina langu limechongwa: Fundi Hemedi Shekiondo. Herufi zilikuwa nzuri. 

Nikasogea kwenye sanamu. Farasi alikuwa amekunja mguu wa mbele, wa kushoto. Mfalme akainama kutoka juu.

"Wewe fundi! Waongozaji wanawaambia watalii eti mguu wa farasi ukiwa juu, mpandaji alijeruhiwa vitani. Mimi sijajeruhiwa hata kidole! Vita vyote nilituma watu. Nilikufa kwa uzee, nikinywa uji. Mwambie huyu ashushe mguu."

"Asikupotezee muda," farasi akasema. "Mwambie na yeye ashuke, tuone."

"Lakini kweli, mbona hushushi?" nikamuuliza.

"Siku ya kuchongwa nilikuwa na mwiba. Ukatolewa siku ile ile. Mchongaji akasema nitulie hivyo hivyo, nikatulia. Huu mwaka wa tisini na mbili. Sasa naogopa kwamba nikishusha, chini hakutanipokea."

Nilitaka kumcheka nikashindwa. Nilimwonea huruma kwelikweli.

Mara tuko juu ya paa la godauni. Lile lile. Farasi yupo, mfalme yupo, na bati linawaka jua. Kofia inapita chini ikipiga kengele.

"Dakika mbili!"

"Fundi," farasi ananiuliza, "juu ya bati mnakanyaga wapi msitumbukie?"

"Tunafuata mstari wa misumari. Penye msumari pana mbao chini yake."

"Siku ile uliufuata?"

"Niliufuata."

"Ikawaje ukaanguka?"

Namweleza jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia. Watu wote wanadhani niliteleza. Ukweli ni kwamba fundi aliyenitangulia aligonga misumari penye hewa tupu, ili mstari upendeze machoni. Mimi nilikanyaga pale pale nilipofundishwa kukanyaga, na ndipo palipofumuka.

"Kumbe misumari inadanganya," farasi anasema, na sikio la shaba linalala.

"Ilinidanganya mara moja," namjibu. "Mara moja kwa miaka ishirini na sita."

Nikisikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, nashtuka mwenyewe.

"Mara moja!" farasi anapaza sauti. "Ndiyo unajiliza miezi saba?"

"Na wewe je, na mwiba wako wa tangu enzi za mababu?"

Tunacheka mpaka bati linatikisika. Mfalme hacheki.

"Dakika moja!" kofia inaita.

"Haya, pamoja," namwambia. "Pale, kwenye misumari. Vidole kwanza, kisigino mwisho."

"Mimi sina vidole."

"Basi ukwato mzima. Bismillahi."

Shaba inalia kama bawaba kavu. Mfalme anang'ang'ania hatamu, anapiga kelele, "Taratibu jamani, mimi mtu mzima!" Ukwato unatua. Unyayo wangu unatua. Loo, yale maumivu! Yanapanda mpaka nyongani, kisha yanapungua, na chini ya bati nausikia ubao umekaa imara.

Kofia inakuja na daftari. "Mgeni," inasema ikinitazama. "Mgeni," inamwambia farasi. Kisha inamtazama mfalme aliyeketi miguu ikining'inia. "Wewe miguu yote miwili iko juu. Unabaki."

Nikaamka nimesimama katikati ya sebule.

Mama Sikudhani akaingia na beseni la nguo kutoka kambani, macho yake sakafuni.

"Baba Sikudhani, umekanyaga nini wewe? Unanichafulia nyumba nimetoka kudeki sasa hivi!"

Nikatazama. Kutoka kwenye kochi mpaka niliposimama kulikuwa na alama za unyayo mmoja tu, wa kushoto, za kijani kibichi, rangi ile ya shaba iliyonyeshewa miaka mingi. Nilizihesabu, zilikuwa tano.

Naye akaanza kuzihesabu, akaishia kwenye mguu wangu. Beseni likamponyoka, nguo safi zote chini.

"Umekanyaga," akasema polepole.

"Nimekanyaga."

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasogeza stuli iliyokuwa njiani.

"Chafua," akaniambia. "Chafua mpaka jikoni."